Mahali pa Kushusha Pumzi

Mtu akibanwa na mambo, neno la kwanza analoambiwa ni "tulia". Ataambiwa na mwenzi wake, na mkubwa wake kazini, na rafiki kwenye simu. Ni neno la upendo, ila halimwonyeshi pa kwenda. Atulie wapi? Saa ngapi? Mikono yake ifanye nini wakati moyo unakwenda mbio? Nani awe karibu, na huyo aliye karibu aseme au anyamaze?

Kazi yangu hunisafirisha, na kila ninapofika huwauliza watu maswali hayo. Kurasa zinazofuata nimezitoa katika daftari langu, nikaziweka pamoja ili msomaji alinganishe mwenyewe. Ninaloliamini baada ya kuuliza kote huko ni hili: penye watu wanaojua kujituliza, hakuna anayeachiwa kazi hiyo aifanye peke yake kwa ubishi wa moyo. Pamewekwa mahali, pamewekwa saa, na mikono imepewa kazi ndogo ya kufanya.

UNGUJA, MJI MKONGWE

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengewa baraza za mawe zilizoshikana na ukuta wa mbele, zikifuata kichochoro. Mvua kubwa ikinyesha na njia zikajaa maji, watu hupita juu yake. Siku nyingine zote ni viti vya kila mtu, na anayekaa haulizwi anamngoja nani.

Soko Muhogo, pale panapoitwa Jaws Corner, muuza kahawa huweka dele lake juu ya makaa baada ya sala ya alasiri. Vikombe ni vidogo vya kushikwa kwa ncha za vidole. Kahawa yenyewe ni chungu, haina sukari. Utamu uko kwenye kashata unayotafuna kando. Mafunda matatu, kikombe kimekwisha, na hakuna anayekuhimiza uondoke.

Nilimwona bwana mmoja akija na shati la ofisini, uso umekunjamana. Walimjibu salamu, wakamsogezea nafasi, akapewa kikombe. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mbele yake wazee wawili walikuwa wakicheza bao: safu nne za mashimo 8, kete 64, kila mchezaji ameanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. Anayecheza bao hana nafasi ya kuwaza deni, kwa kuwa kila kete anayoweka inabadilisha hesabu ya ubao mzima. Hata mtazamaji hushikwa. Bwana yule alitazama kimya mpaka mzee mmoja alipokosea, naye akasema, "Hapo ungekwenda kushoto." Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Waislamu wa pale walipoanza kuinuka kwenda msikitini kwa magharibi, nilimsikia akimweleza jirani yake habari ya ada ya mtoto. Ada ilikuwa haijapatikana, ila uso ulikuwa umekunjuka.

Tahadhari moja kutoka kwa watu wa palepale: mwenye shida ya usingizi aishie kikombe cha alasiri, kwani kahawa huuchangamsha moyo uliokwisha kuchangamka.

KUSINI UNGUJA, KIJIJINI

Wanawake hawakai Jaws Corner. Nilipouliza kwao ni wapi, nilipelekwa uani katika kijiji kimoja cha kusini, nikamkuta bibi na jirani zake watatu wamekaa juu ya jamvi wakisuka ukili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa, vua viatu."

Miyaa ilikuwa imekwisha kuchanwa, kuchemshwa kwenye rangi na kukaushwa, kisha ikarejeshewa unyevu kidogo isikatike. Vidole vya bibi vilipitisha mmoja juu, mwingine chini, akavuta, akabana kwa kidole gumba, akarudia. Macho yake hayakuwa kwenye ukili. Yalikuwa kwetu, na maneno yalikwenda bila mikono kusimama. Ukanda uliosukwa ulijikunja pembeni yake ukiwa duara kubwa, ukisubiri kushonwa mkeka. Nilimuuliza ni siku zipi anazosuka sana.

"Mwanangu wa mwisho alipolazwa hospitali, nilisuka pima ngapi hata sijui," alisema. "Nikikaa bure nalia. Nikisuka nasubiri."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Mmoja alisema jambo ambalo ni haki niliandike: ukili wa kuuza, wenye oda na tarehe ya kupelekwa, hautulizi hivyohivyo. Unaotuliza ni ule usio na anayeungoja. Hapo ndipo baraza ya wanaume na ua wa wanawake vinapoachana. Wanaume wamekata saa yao ya jioni ikajulikana mtaa mzima. Mwanamke anaiiba saa yake katikati ya kuni, maji na watoto, na mara nyingi anaichanganya na kazi ya kumpatia riziki. Ukitaka kujua nani katika nyumba anachoka zaidi, tazama ni nani saa yake ya kupumzika haina jina.

LUSHOTO

Kutoka Mombo, kwenye joto la bonde, barabara hupanda milima ya Usambara zaidi ya kilomita 30 mpaka Lushoto. Wajerumani, walipoitawala nchi hii, waliuita mji huo Wilhelmstal, na maofisa wao walipanda huko kukimbia joto la pwani. Wenyeji hawakuhitaji kupanda. Kwao kutembea ndiko kuishi.

Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinichukua kwa miguu kwenda Irente, ukingo wa mlima ambapo ardhi inakatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kabisa, na ng'ambo yake nyika isiyo na mwisho. Njiani tulisimama mara nyingi sana. Kwa Wasambaa salamu haikimbizwi: umeamkaje, nyumbani je, watoto je, shamba je. Mwanzoni nilidhani tunacheleweshwa. Baadaye niliona kuwa salamu zilikuwa zinatupimia mwendo, na pumzi yangu ilikuwa imeufuata.

"Mtu akikorofishana na mkewe au mumewe hapa," mwalimu aliniambia, "anachukua mundu anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Akirudi na mzigo kichwani, hana tena nguvu ya kugomba."

Kuna sababu ya kimwili. Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi hofu na hasira zinavyouandaa mwili kupigana au kukimbia: moyo unapiga haraka, damu inakwenda kwenye misuli, sukari inamwagwa kwenye damu. Mwili wa mtu aliyepokea barua ya kudaiwa kodi umejiandaa hivyohivyo, na hana wa kupigana naye wala pa kukimbilia. Akipanda kilima na mundu, ile nguvu iliyomwagwa inapata kazi. Japani waliona thamani ya mwendo wa msituni kiasi kwamba mwaka 1982 idara yao ya misitu ilianza kuwahimiza wananchi waende kuoga msitu, yaani kutembea polepole chini ya miti wakinusa, wakisikiliza, bila safari ya kufika popote. Tofauti na Lushoto ni kwamba Mjapani wa mjini anapanda treni kuufuata msitu, na Msambaa anaupata akitoka mlangoni. Kinachofanana ni mwendo: taratibu, na simu mfukoni.

DAR ES SALAAM

Jiji hili ndilo lililonipa shaka kubwa. Hapa watu hukaa kwenye foleni saa nzima kufika nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni vyumba viwili. Saa yao iko wapi?

Niliipata kwenye mazoezi ya kwaya, jioni ya siku ya kazi. Walikuja wamechoka: nesi na sare yake chini ya kanga, dereva wa bodaboda na kofia mkononi, mhasibu, mama ntilie. Mwalimu wa kwaya hakuanza na wimbo. Aliwasimamisha, miguu ipanuke kidogo, kiganja kimoja juu ya tumbo. "Pumzi iingie hapa, isiishie kifuani. Sasa toeni polepole, ss-s-s, mpaka iishe." Walifanya hivyo mara kadhaa, na mabega ya safu nzima yakashuka.

Ukivuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa hupunguza. Kwa hiyo anayetoa pumzi ndefu kuliko aliyovuta anauambia moyo upunguze mwendo, na moyo husikia. Mwimbaji anayeshikilia mstari mrefu anafanya hivyo bila kujua. Anayefanya zikri kwa sauti, akirefusha matamko, anafanya hivyohivyo. Asiye na kwaya wala zikri anaweza kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, dakika tatu au nne, akiwa kwenye kiti cha daladala. Nimeliona likifanya kazi kwangu katika siku ambazo koo lilikuwa limekabwa na nisingeweza kueleza kwa nini.

Maji nayo yapo. Maji baridi usoni hupunguza mapigo ya moyo. Ni tabia ya mwili ambayo binadamu anashirikiana na wanyama wanaopiga mbizi. Waislamu wamefundishwa tangu zamani kwamba aliyekasirika atawadhe, na kama amesimama akae. Mama mmoja wa kwaya, Mkristo, aliniambia yeye hufungua bomba na kuosha uso kabla ya kumjibu mtoto aliyemuudhi. Vyanzo viwili, bomba moja.

MUTRAH, OMANI

Katika Mutrah, mtaa wa bandari wa Muscat, nilipokewa na mzee aliyezaliwa Unguja na kuhamia huko ujanani. Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe, kimekaa kama alivyokibeba. Aliniingiza kwenye sabla, ukumbi wa jamaa na majirani: mazulia, mito ya kuegemea ukutani, chetezo cha ubani kona moja. Ubani huo hutoka Dhofar, kusini mwa nchi, na harufu yake ilikuwa imezama kwenye mazulia.

Mpangilio haukubadilika kwa mgeni yeyote aliyeingia. Kwanza tende, kwa mkono wa kulia. Kisha kahawa ya iliki, nyepesi, finjani haijazwi. Anayemimina hushika birika mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia. Ukimaliza anaongeza, na ataongeza tena mpaka utikise finjani kidogo kwa vidole, ndipo ajue umetosheka. Ndipo mazungumzo ya maana yanaanza. Mwaka 2015 UNESCO iliiorodhesha kahawa hii, kwa maombi ya Omani na majirani zake wa Ghuba, katika turathi za binadamu zisizoshikika.

Nilimuuliza mzee kuna faida gani kumchelewesha mtu mwenye jambo zito. Alikuwa na tasbihi ya punje 33 mkononi, akaendelea kuisogeza.

"Anayekuja na moto, ukimuuliza mlangoni atakuunguza na yeye ataungua," alisema. "Akila tende, akinywa, ameshapoa nusu. Akifiwa ndiyo kabisa, hatumuulizi anataka nini. Siku tatu anakaa hapa, watu wanaingia, wanatoka. Yeye kazi yake ni kukaa."

Ukilinganisha na Unguja, vikombe vinafanana na nasaba ya desturi ni moja. Ila barazani mtu hujiingilia tu mwenyewe kutoka njiani. Kwenye sabla kuna taratibu ya kukushika mkono tangu mlangoni, na kwa mtu aliyechanganyikiwa na msiba taratibu hiyo ni rehema: hana haja ya kuamua chochote. Kwa upande mwingine, fukara asiye na ukoo hapo atapita mbele ya mlango asiingie. Baraza ya mawe ya Unguja haimwulizi ukoo wake.

HARARE, MBARE

Kituo cha mwisho ni mbali na pwani, na ndicho kilichonigusa zaidi. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa vibanda na nyumba za maskini katika miji yake. Mtanzania, Anna Tibaijuka, alitumwa na Umoja wa Mataifa kuchunguza, na ripoti yake ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, kazi, au vyote viwili. Mbare, mtaa wa wafanyakazi kusini mwa Harare, ulikuwa katikati ya maumivu hayo, na madaktari wa maradhi ya akili nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wao, alianza mpango wake hapo mwaka 2006 na wanawake wazee 14 waliokuwa wakijitolea katika afya ya jamii. Hawakupewa ofisi. Walipewa benchi la mbao uani mwa zahanati, nje.

Mazungumzo ya benchini ni siri ya waliokaa, kwa hiyo niliongea na bibi mmoja wakati benchi lake likiwa tupu, nesi akitutafsiria. Alinieleza kazi yake kwa mpangilio. Mgeni huulizwa maswali 14: unalala? unalia bila sababu? umewahi kuona heri usiwepo? Halafu anasimulia, na bibi anasikiliza mpaka mwisho. Mwisho wa masimulizi wanayataja matatizo moja moja, na mgeni mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo. Wanapanga hatua ndogo, anakwenda kuijaribu, anarudi kueleza. Bibi hampi jawabu.

"Akitaka kulia, namwachia alie," alisema. "Nimeishi miaka mingi. Sishtuki."

Utafiti wa kulinganisha uliofanywa Harare na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA ulihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Mpango huo ukaenda Malawi, na Zanzibar pia. Niliposikia hivyo moyo wangu ulifurahi, maana benchi lilikuwa limefika kwenye mji wa mabaraza.

Kilichonikumbusha uani kusini Unguja ni hatua inayofuata. Waliomaliza vikao vyao hukutana kwa vikundi, na wakiwa wamekaa hufuma mifuko kwa plastiki iliyotumika. Mikono inakwenda, maneno yanakwenda.

YANAYOLINGANA

Nikiyaweka yote pamoja, naona mambo matatu yanajirudia. Mwili unapewa kazi ndogo yenye mwendo wa kujirudia: kete, ukili, hatua, pumzi, tasbihi, sindano. Mtu mwingine yupo karibu, hata kama hasemi. Na mahali panajulikana, ili aliyechanganyikiwa asihangaike kupatafuta.

Tofauti kubwa ni juu ya maneno. Barazani unaruhusiwa kunyamaza mpaka magharibi. Mutrah maneno yanangojeshwa. Mbare maneno ndiyo dawa, na yanaongozwa. Naona zote ni sawa, ila kwa uzito tofauti. Siku mbaya inatoshwa na kahawa au kilima. Wiki mbaya inataka mtu wa kumweleza. Na usingizi au hamu ya kula ikipotea kwa zaidi ya wiki mbili, au mtu akianza kuwaza kufa, asingoje baraza wala kwaya. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na asiachwe aende peke yake.

Yapo pia yanayotuliza kwa mkopo. Mombasa na Lamu nimekaa na watafunaji wa miraa, ambayo Kenya inaruhusiwa na Tanzania imepigwa marufuku. Saa chache za kuchangamka hulipiwa kwa usiku bila usingizi na asubuhi ya huzuni. Pombe inadai malipo hayohayo. Simu nayo, ukiishika kitandani kujisahaulisha, inakuletea shida za watu elfu juu ya yako.

Kwa anayesoma haya akiwa kwenye chumba cha kupanga Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, nashauri achague mambo matatu leo, kabla siku mbaya haijafika: saa moja isiyoguswa na mtu, hata ikiwa ni dakika ishirini, kazi moja ya mikono au miguu isiyo na oda, na mtu mmoja aliyekubali mapema kwamba "nikikupigia nikanyamaza, kaa nami". Mwenye mke au mama nyumbani amuulize saa yake ni ipi, kisha amshikie watoto katika saa hiyo.

Na kwa wanaojenga, nina ombi. Mitaa yetu mipya ni kuta ndefu, geti, na nyaya za umeme juu. Ndani kuna bustani nzuri, nje hakuna pa kuketi hata mzee aliyechoka njiani. Aliye na kiwanja na mafundi wameshaanza kazi, awaambie wajenge baraza upande wa nje wa ukuta: tofali chache, saruji ya kulainisha, kivuli cha mwarobaini. Gharama yake ni ndogo kuliko ya geti. Serikali za mitaa nazo zinapopima viwanja ziache sehemu ya namna hiyo kila baada ya nyumba kadhaa, kama zinavyoacha njia ya maji. Watu watapakalia wenyewe. Kahawa na bao havihitaji kuletwa na mradi.